Kumwitikia Mtoto Aendaye Tete: Historia ya Malezi ya Mchana Afrika Mashariki

Mtoto aliyeacha kutambaa, akasimama dede, kisha akaenda tete, yaani akapiga hatua za kupepesuka bila kushikwa mkono, huingia katika umri ambao walezi wa kila zama wameuona kuwa mgumu kuliko ule wa uchanga, kwa sababu miguu imeshapatikana lakini maneno bado ni machache, na kwa hiyo neno moja hubebeshwa haja nyingi na kurudiwa mara nyingi. Mtoto wa miezi 18 hadi 30 huomba maji, akapewa, akanywa funda moja, akarudisha kikombe, na kabla mlezi hajageuka akaomba maji tena; huonyesha kiatu kilichofunguka, na kikishafungwa hukifungua mwenyewe ili apate kukionyesha upya. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, huiita tabia hii kutafuta kuangaliwa, ilhali lugha ya nyumbani ina neno lake la siku nyingi, kudeka, pamoja na mwenzake, kudekeza, linalomhukumu mtu mzima kuliko mtoto. Makala haya yanafuatilia namna miito hiyo ilivyoitikiwa Afrika Mashariki, tangu ilipokuwa ikigawanywa kwa watu wengi wa nyumba moja hadi ilipomwangukia mwanamke mmoja anayelea watoto wa wenzake chumbani kwake kwa malipo, na yanaeleza pia jinsi mafunzo yaliyotoka Marekani na Ulaya kuhusu jambo hilo yalivyopatikana na yalivyopokelewa.

Neno kudeka linastahili kuelezwa kwanza, kwa kuwa lilibeba nadharia nzima ya malezi kabla nadharia hazijaandikwa. Adekaye ni yule anayejilegeza na kujionyesha mnyonge kuliko alivyo mbele ya mtu ambaye ana hakika kwamba anampenda. Hakuna anayemdekea mgeni wala adui, na ndiyo maana neno hilohilo hutumika kwa wapendanao. Ndani yake, basi, mna utambuzi kwamba mwito unaorudiwa bila haja ya dhahiri ni wa mtu anayepima kama upendo ungali palepale alipouacha. Mna pia onyo, kwa maana mtoto aliyedekezwa huhesabiwa kuwa kazi iliyoharibikia mikononi mwa mlezi. Methali isemayo mtoto akililia wembe mpe, ingawa siku hizi huelekezwa zaidi kwa watu wazima wakaidi, imejengwa juu ya tukio analolijua kila aliyewahi kulea, la ombi lilelile kwa sauti ileile mpaka mwenye kukataa anachoka kabla ya mwenye kuomba. Methali nyingine, mkono mmoja haulei mwana, inalitazama jambo hilo kutoka upande wa mlezi, na historia ya karne iliyopita imeithibitisha kuliko ile ya wembe.

Katika miji ya pwani ya karne ya 19 mtoto wa nyumba yenye uwezo hakulelewa na mama peke yake. Mama mkubwa, mama mdogo, shangazi na bibi walikuwa karibu, na katika nyumba za mabwana walikuwamo pia wanawake watumwa. Kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, zilizochapishwa mwaka 1886, zinawataja wanyonyeshaji na watumishi waliowashughulikia watoto wa majumba ya Unguja, na haifai kusoma habari hizo kwa kuvutiwa na wingi wa mikono bila kukumbuka kwamba mikono hiyo haikuwa huru kukataa. Mtumwa aliyebembeleza mtoto wa bwana wake usiku huenda alikuwa na mtoto wake mwenyewe aliyekuwa akilia mahali pengine. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na baada ya hapo kazi ya kumwangalia mtoto wa mtu mwingine ikaanza, polepole na kwa shida, kuwa kazi ya ujira. Jina lililoenea kwa mfanyakazi wa kazi hiyo, yaya, huhusishwa na neno la Kihindi ambalo nalo lilitokana na Kireno, aia, likimaanisha mwanamke anayetunza watoto wa wakubwa. Kwa hiyo safari ya neno inafuata njia ileile ya biashara na utawala katika Bahari ya Hindi iliyoleta nanasi na bunduki.

Bara, hasa katika nyanda za juu za Kenya, mlezi wa mchana alikuwa mtoto mwenyewe. Miongoni mwa Wagusii aliitwa omoreri, na miongoni mwa Wakipsigis cheplakwet, naye kwa kawaida alikuwa msichana wa miaka 6 hadi 10, dada wa mtoto au binamu yake, aliyekabidhiwa mdogo wake mama alipokwenda shambani. Alimfunga mgongoni kwa nguo, akacheza na wenzake huku amembeba, akamrudisha kwa mama wakati wa kunyonya, na mtoto alipoanza kwenda tete akamfuata nyuma kama kivuli. Mpango huu haukuwa wa kuigiza: omoreri aliyemwacha mtoto alie aliadhibiwa. Faida yake kwa suala linalozungumzwa hapa ni kwamba miito ya mtoto iligawanyika. Iliyomshinda dada ilikwenda kwa bibi, iliyomshinda bibi ilimngojea mama, na mara nyingi mtoto aliyekuwa akimwita mmoja wao alipotezwa mawazo na kundi la watoto waliokuwa wakicheza uani. Watafiti Ruth na Robert Munroe, waliofanya kazi miongoni mwa Walogoli wa magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 1971, walionyesha kwa vipimo jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kuambiwa, kwamba katika boma lenye watu wengi mtoto mchanga hubebwa zaidi na akilia huitikiwa upesi zaidi kuliko katika boma lenye watu wachache.

Hata hivyo malezi ya zamani yalikuwa na mahali pake pa maumivu, napo palikuwa palepale penye umri wa kwenda tete. Mtoto aliyezoea mgongo na ziwa aliachishwa vyote viwili kwa mara moja mimba nyingine ilipoonekana, na katika baadhi ya jamii alipelekwa kwa bibi yake ili asahau. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliuingiza katika maandishi ya tiba mwaka 1935 ugonjwa wa kwashakoo kwa kutumia jina lenyewe la Kiga, lugha ya wenyeji wa huko, linalohusu mtoto anayeng'olewa na mdogo wake aliye njiani. Ugonjwa huo unatokana na upungufu wa lishe, lakini waliolitunga jina hilo walikuwa wameona kwamba anayeumwa ni mtoto aliyepoteza nafasi yake, na kwamba kulialia kwake na kung'ang'ania kwake nguo ya mama kulikuwa sehemu ya hali moja.

Suala hilihili la kuachishwa ziwa ndilo lililomfanya mwanasaikolojia Mary Ainsworth aanze uchunguzi wake Uganda. Alifika Kampala mwaka 1954 akifuatana na mumewe, akapata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki huko Makerere, na kwa kuwa alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, mtaalamu aliyeandika juu ya madhara ya kumtenga mtoto na mama yake, alitaka kuona mila ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi ilimfanya nini mtoto. Aligundua kwamba mila hiyo ilikuwa imeachwa na wengi. Badala ya kukata tamaa, alichukua familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala zilizokuwa na watoto ambao bado walinyonya, akazitembelea kila baada ya wiki mbili kwa saa mbili hivi, kwa muda uliofikia miezi 9, akiwa na mkalimani wake Katie Kibuka. Ziara zilifanyika mchana, katika sebule ambamo wanawake wa Kiganda hupokea wageni, na hiyo ilikuwa bahati kubwa ya elimu, kwa sababu aliwaona watoto mahali walipoishi, kati ya majirani wanaoingia na kutoka, tofauti kabisa na chumba cha majaribio.

Alichokiona kwenye mikeka ya sebule hizo kilikuja kuitwa mwambatano, yaani kifungo cha moyo ambacho mtoto hukifunga na mtu maalumu ambaye humtumia kama mahali pa kutokea na pa kurudia. Mtoto alitambaa au alikwenda tete mpaka mlangoni, akageuka kumtazama mama, akaenda mbele kidogo, akarudi kumgusa goti, akaondoka tena. Kwa jicho la haraka safari hizo zilikuwa usumbufu, maana mama alikuwa na mgeni na mtoto hakuwa na haja yoyote inayotajika. Kwa jicho la Ainsworth zilikuwa kazi, kwa kuwa kila kurudi kuliruhusu kwenda mbali zaidi. Aliona pia kwamba watoto waliokuwa na mwambatano imara walilia kidogo na walichezea mbali na mama bila wasiwasi, ilhali wale ambao mwambatano wao ulikuwa wa mashaka walilia mara nyingi hata walipokuwa wamepakatwa, na akahusisha tofauti hiyo na wepesi wa mama wa kusoma ishara za mtoto na kuziitikia. Kitabu chake kuhusu uchanga nchini Uganda kilitoka mwaka 1967. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana haki ya kujua kwamba nadharia inayofundishwa leo katika vyuo vya ualimu wa awali kama elimu ya kigeni ilianza kuchunguzwa kwa macho katika sebule za Buganda.

Katika miaka hiyohiyo, kwenye kilima kimoja cha Gusii ambacho watafiti walikiita Nyansongo, Robert na Barbara LeVine walikuwa wakiandika tabia za watoto kwa ajili ya mradi mkubwa wa Beatrice na John Whiting, uliolinganisha jamii sita kutoka Kenya, India, Japani, Ufilipino, Mexico na Marekani. Watoto wa miaka 3 hadi 11 walifuatwa katika shughuli zao za kila siku na matendo yao yakawekwa katika mafungu, moja likiwa kutafuta kuangaliwa, jingine kuomba msaada, jingine kutoa msaada, na mengineyo. Matokeo, yaliyochapishwa katika kitabu cha mwaka 1975, yalionyesha kwamba watoto wa Nyansongo, pamoja na wale wa Mexico na Ufilipino, walielemea upande wa kutunza na kuwajibika, na watoto wa mji mdogo wa Marekani walielemea upande wa kutegemea, wakitafuta kuangaliwa na kusaidiwa kuliko wenzao. Akina Whiting hawakulieleza jambo hili kwa damu wala kwa ukali wa wazazi. Walilihusisha na kazi: mama wa Nyansongo alikuwa na shamba, maji na kuni, alihitaji msaada wa kweli, na mtoto wake alijua kwamba anahitajika.

Hapo ndipo ulipo mchango wa malezi ya Afrika Mashariki ambao vitabu vya ushauri vimeutaja kidogo mno, nao ni desturi ya kumtuma mtoto. Mtoto wa miaka miwili aliyekuja mara ya nne kuvuta khanga ya mama yake hakupewa hotuba wala mchezo, alipewa safari: peleka kijiko hiki kwa bibi, niletee kigoda, mwite kaka yako. Safari ilikuwa ya hatua kumi, na kijiko pengine hakikuhitajika kwa bibi, lakini mtoto aliondoka akiwa na jambo mkononi, akapokewa upande wa pili na mtu mwingine, akarudi na majibu. Aliyekuwa akiita akawa ameitwa. Mama aliendelea kuchambua mboga, na mtoto alipata alichokitafuta, yaani kuonwa na kujulikana kwamba yupo, bila kujifunza kwamba hupatikana kwa kulia. Ni kweli kwamba desturi hii ilikwenda pamoja na ukimya fulani. Robert LeVine na wenzake waliandika kwamba mama wa Kigusii alimtuliza mtoto upesi lakini hakuzungumza naye sana, wala hakumsifu, akiogopa kumjaza majivuno. Hiyo ni gharama, na wanaoisifu desturi ya kale wanapaswa kuitaja pamoja na faida zake.

Marekani, wakati huo, ilikuwa imeshapita katika mabishano marefu. John B. Watson, mwasisi wa mkondo wa saikolojia unaochunguza tabia inayoonekana tu, aliwashauri wazazi katika kitabu cha mwaka 1928 wasiwabusu wala kuwapakata watoto wao, na asubuhi wawape mkono kama watu wazima wanavyosalimiana. Alfred Adler wa Vienna na mwanafunzi wake Rudolf Dreikurs, aliyehamia Chicago mwaka 1937, walileta fikra tofauti, kwamba kila tabia ya mtoto ina lengo, na kwamba lengo la kwanza la mtoto aliyevunjika moyo ni kuwafanya watu wazima washughulike naye. Kutokana na mafundisho ya Dreikurs, usemi wa kutafuta kuangaliwa uliingia katika lugha ya kila siku ya walimu na wazazi, lakini ulipoingia ulipoteza nusu ya maana yake: Dreikurs alizungumza juu ya mtoto asiye na hakika ya mahali pake, na watu wakasikia habari za mtoto mtundu.

Majaribio mawili yanahitaji kuelezwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo chanzo cha shauri linalorudiwa hadi leo kwamba mtoto wa namna hiyo apuuzwe. La kwanza lilitolewa mwaka 1959 na C. D. Williams, ambaye si yule Daktari Cicely Williams wa Gold Coast. Mtoto wa miezi 21, aliyekuwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake na ambaye kwa sababu hiyo alizoea kukaliwa na mtu kitandani mpaka alale, alilazwa, akafungiwa mlango na kuachwa alie. Usiku wa kwanza alilia dakika 45, na baada ya siku chache kilio kikaisha. Wiki moja hivi baadaye, ndugu wa kike wa mmoja wa wazazi, aliyekuwa akishika zamu ya kumlaza, alirudi chumbani aliposikia kilio, na tabia yote ikarejea, ikabidi kuanza upya. Utaratibu huo uliitwa uzimishaji, kwa maana ya kuinyima tabia kile kinachoilisha mpaka izimike kama moto uliokosa kuni. Aliyerudi chumbani ameandikwa katika vitabu kama aliyeharibu jaribio, ingawa katika nyumba nyingi za Waswahili angesifiwa kwa kuwa na huruma.

La pili lilifanyika katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1964 na Eileen Allen na wenzake. Mtoto wa kike wa miaka minne alitumia muda wake mwingi ama peke yake ama akiwavuta walimu, akiwaonyesha mikwaruzo midogo isiyoonekana vizuri na vitu alivyookota. Walimu waliamua kumwangalia kila alipokuwa na mtoto mwenzake, na kumpunguzia uangalizi alipokuwa peke yake au alipowaandama watu wazima. Siku hizohizo alianza kucheza na wenzake. Walimu walipogeuza utaratibu akarudi alikotoka, na walipourejesha akacheza tena. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini wengi waliosimulia habari zake walikumbuka sehemu ya kupunguza na wakasahau sehemu ya kuongeza, wakati ambapo kiini chake kilikuwa kwamba uangalizi haukukoma hata kidogo, ulihamishwa tu. Tena ulihamishwa katika shule iliyokuwa na walimu wa kutosha kumwona mtoto kila sekunde aliyomsogelea mwenzake.

Mwaka 1972 Sylvia Bell na Ainsworth walitoa hoja ya kupinga wazo la kumwachia mtoto alie. Kutokana na familia 26 za Baltimore walionyesha kwamba watoto ambao vilio vyao viliitikiwa upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo kuliko wengine mwaka wao wa kwanza ulipokaribia kwisha. Wafuasi wa Watson na wa uzimishaji walijibu mwaka 1977 kwa kukosoa hesabu za utafiti huo, na mabishano hayo hayajapata mshindi anayekubaliwa na wote. Karibu na wakati huo, New York, Margaret Mahler na wenzake walieleza kwamba mtoto wa miezi 15 hadi 24 hivi, baada ya furaha ya kwanza ya kutembea, hutambua kwamba yeye na mama yake ni watu wawili, na kwa hofu ya utambuzi huo humletea mama kitu baada ya kitu mpaka mapaja yake yanajaa vikopo, vijiti na wanasesere. Kwa mtazamo huu kurudia ndiyo njia ya umri huo ya kujenga daraja, na daraja lenyewe likishajengwa mtoto hupunguza safari.

Afrika Mashariki, mabadiliko makubwa zaidi hayakutoka katika vitabu hivyo. Yalitoka shuleni na kazini. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni vituo vya kuwashikilia watoto mchana vilianzishwa katika mashamba makubwa ya kahawa na chai ya Kenya, na pia katika vijiji ambamo serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa mkoa wa Kati wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya waasi, ambapo mama za watoto hao walilazimishwa kufanya kazi za kuchimba mahandaki na barabara; kazi ya vituo hivyo ilikuwa kulisha na kulinda tu. Baada ya uhuru wa 1963 wanavijiji wa Kenya walijenga shule za watoto wadogo kwa harambee, na mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha kitaifa cha elimu ya awali chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya. Tanzania nayo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilihimiza vituo vya kulelea watoto katika vijiji vya ujamaa, kwa juhudi za Umoja wa Wanawake wa Tanzania miongoni mwa wengine, na madarasa ya vidudu, kama yalivyoitwa, yakaenea. Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana ilitungwa mwaka 1981, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya 2009.

Katika kipindi hichohicho mlezi wa kale aliondolewa kimyakimya. Kenya ilifuta ada ya madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi mwaka 1974, Tanzania ilitekeleza elimu ya msingi kwa wote kuanzia mwaka 1977, Uganda ikafuata mwaka 1997, na Kenya ikafuta ada za shule zote za msingi mwaka 2003. Omoreri alivaa sare na kwenda shule, jambo ambalo ni haki yake na ambalo hakuna anayepaswa kulijutia, lakini hakuna bajeti iliyouliza ni nani angeshika mgongo alioacha wazi. Bibi alibaki kijijini, mama na baba wakahamia mjini. Thomas Weisner, aliyelinganisha familia za Waluhya wa Kisa na jamaa zao walioishi Kariobangi, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliona kwamba watoto waliokaa mjini walikuwa na usumbufu zaidi na mama zao walilazimika kuwadhibiti zaidi, ingawa ukoo na malezi waliyonuia vilikuwa vilevile. Kilichokuwa kimebadilika ni chumba kimoja badala ya uwanja, na mtu mmoja badala ya watano.

Kutokana na pengo hilo ndipo ilipozaliwa biashara ya malezi ya nyumbani, ambayo wakazi wa Nairobi huiita deikea hata wanapozungumza Kiswahili. Uingereza ilikuwa imeshakutana na jambo kama hilo mapema, ikatunga mwaka 1948 sheria ya kuwasajili wanawake waliolea watoto wa wengine majumbani mwao. Katika miji ya Afrika Mashariki usajili umechelewa, na Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017, wakati ambapo katika mitaa kama Mukuru na Kibera kazi hiyo ilikuwa imeshakuwa riziki ya wanawake wengi kwa miaka mingi. Mpangilio wa chumba hautofautiani sana kutoka mtaa hadi mtaa: zulia la plastiki lililofunika sakafu, godoro lililosimamishwa ukutani mpaka saa ya kulala, mifuko ya nepi iliyotundikwa misumarini, na vikombe vya uji vilivyofungwa uzi wa rangi ili cha huyu kisichanganywe na cha yule. Mwenye chumba anakoroga uji. Wawili wanalia, mmoja amelala, na wa miezi 20 amekuja mara ya sita na kikombe kitupu, ingawa ameshakunywa.

Mlezi aliyefunzwa kwa semina ya siku mbili ameambiwa ama ampuuze au amwitikie, na mashauri yote mawili yametoka mahali ambapo mtu mzima alikuwa na nafasi ya kuchagua. Uzimishaji unadai mwalimu wa pili wa kumpa mtoto uangalizi anapofanya vyema, na usipokuwa naye unabaki ukiwa tu. Uitikiaji wa haraka unadai mikono isiyo na mwiko wala mtoto mwingine. Wanawake wenye uzoefu hufanya jambo la tatu ambalo hawakulisoma popote. Huinama mpaka macho yakutane, wakakigusa kikombe, wakataja anachotaka kwa maneno ambayo mtoto mwenyewe hana, kisha wakasema, haya baba, mpelekee mwenzako kijiko hiki, halafu uje uniambie kama ameamka. Jambo hilo huchukua muda mfupi kuliko kukemea. Akirudi hupokewa, na kijiko kingine hupatikana. Ni utaratibu uleule wa Nyansongo, umehamia katika chumba cha mita tatu kwa tatu, na unafanya kazi kwa kadiri watoto wakubwa kidogo wanavyokuwamo wa kutumiwa ujumbe. Ndiyo maana vyumba vinavyochanganya umri wa mwaka mmoja hadi minne huweza kuwa na utulivu kuliko vile vinavyojaza watoto wa umri mmoja.

Wanaoandika kanuni za vituo hivi wameshughulikia madirisha, vyoo na vizima moto, na wamefanya sawa. Wanaombwa sasa waweke kwa uzito uleule idadi ya watoto ambao mlezi mmoja anaweza kuwaitikia, na waandike kwamba kituo kisichomudu mlezi wa pili kisaidiwe kumlipa kabla ya kutishiwa kufungwa, kwa kuwa chumba kikifungwa watoto wake hawarudi kwa bibi wala kwa dada. Mtoto anayeletwa saa kumi na mbili asubuhi huchukuliwa saa kumi na mbili jioni, na katika saa hizo 12 mtu anayeweza kumwita ni mmoja tu.